Kuogelea Baharini kwa Kikundi Tanga: Namna ya Kupanga Msimu wa Kaskazi

Kila Novemba wanachama wa klabu yetu huanza kuniuliza: "Katibu, ratiba ya kuogelea imetoka?" Nami hutoa jibu lilelile: nasubiri mwezi. Waliohamia Tanga karibuni hucheka, wakidhani nasubiri mshahara.

Mwaka wetu wa kwanza sikusubiri. Niliandika ratiba kama ya timu ya mpira: kila Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, Raskazone, usikose. Jumamosi ya kwanza maji yalikuwa yamejaa tele, watu wakaogelea na kufurahi. Ya pili tukakuta bahari imejiondokea. Watu kumi na wanane wamevaa kofia na miwani, na mbele yao tope, majani ya bahari na kina mama wanachokoa pweza. Ya tatu maji yakarudi. Ya nne yakaondoka tena. Siku hiyo mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu chini ya mti wa mkungu, akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hao watu wako unawaleta bila kuuliza leo mwezi ngapi?"

Sikujua mwezi ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Nilijua tarehe tu. Haya ninayoandika hapa ni kwa klabu yoyote ya michezo ya hapa Tanga inayotaka kuwaingiza watu wake baharini kwa kikundi kuanzia Desemba hadi Machi, isipitie aibu ile.

Hatua ya kwanza: pata Jumamosi zako kutoka kwa mwezi

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile ya ukutani inayotolewa misikitini inatosha. Kwenye pwani yetu bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia mwezi mosi na kuanzia mwezi kumi na tano, na hukaza siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa mwendo wa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kutoka hapo ongeza dakika 50 hivi kwa kila siku. Mwezi tano, kwa hiyo, maji yanajaa saa moja na nusu asubuhi. Mwezi kumi na mbili yanajaa saa saba mchana, na asubuhi saa moja ndiyo yamepwa. Ndiyo siri ya Jumamosi zangu nne: zilianguka mwezi tano, kumi na mbili, kumi na tisa na ishirini na sita.

Hesabu hiyo ya vidole ni ya kupangia msimu, si ya kuingilia majini. Wiki yenyewe ikifika, hakikisha kwa jedwali la maji la bandari au programu ya simu, maana hesabu inaweza kupishana na bahari kwa nusu saa au zaidi.

Sasa zipange Jumamosi zako hivi. Zile za maji mafu, mwezi nane hadi kumi na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, zipe kazi kubwa ya msimu. Maji hujaa kama saa nne au saa tano asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu, mkondo ni mpole. Ingieni saa mbili na nusu, mtoke saa nne kasoro, maji yakiwa bado yanapanda. Masafa marefu, wanaoogelea mara ya kwanza, siku ya wageni, vyote viweke hapo. Jumamosi za mwezi nne hadi sita, na wenzake kumi na nane hadi ishirini, ni za wanaoamka mapema: mguu majini saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapata nguvu.

Jumamosi za bamvua ndizo zenye mtego. Asubuhi usiwaze. Jioni maji ni mengi na mazuri kutazama, lakini upepo wa kaskazi huwa umeshaamka na unaingia ghubani ukiinua mawimbi mafupi mafupi yanayompiga mtu mdomoni kila anapotaka kuvuta pumzi. Sisi siku hizo huingia saa tisa na nusu, karibu na ufuko, nusu saa, basi. Zilizobaki, za mwezi kumi na moja hadi kumi na tatu na za kuanzia ishirini na sita, maji hujaa adhuhuri jua likiwa utosini. Hizo tumezifanya siku za darasa: huduma ya kwanza, kutengeneza maboya, na mbio za mchangani kwa wanaolalamika kwamba hawakutoka jasho.

Jambo moja la bamvua liingie kichwani mwa kila mwalimu. Maji hayapandi wala kushuka kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajikongoja, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, saa ya sita yanajikongoja tena. Siku ambayo tofauti ni mita tatu na zaidi, karibu nusu yake yote hupita katika saa mbili za katikati. Mwogeleaji wa kawaida wa klabu anakwenda mita 100 kwa dakika mbili na nusu, ambayo ni kilomita 2.4 kwa saa. Mkondo wa noti moja tu ni kilomita 1.85 kwa saa. Akiukabili, anapiga mikono kwa bidii zote na mnazi wa ufukweni ni kama haujasogea. Akichoka, anarudi nyuma.

Na Ramadhani. Miaka hii inaangukia ndani ya msimu wetu wa kaskazi. Usimwambie mtu aliyefunga kwamba maji ya chumvi hayakati kiu hivyo hayana neno. Hilo aulizwe sheikh, si katibu wa michezo. Jambo la katibu ni moja: aliyefunga hana maji mwilini ya kumwaga jasho. Sisi husimamisha mazoezi ya masafa mwezi mzima na kubakiza darasa la nchi kavu.

Hatua ya pili: nenda kwa wavuvi kabla ya kwenda dukani

Karatasi kwanza, na zisikuchukue muda. Klabu iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Mlango wa kuanzia ni afisa michezo wa Jiji. Andika barua kwa serikali ya mtaa mnapoogelea, kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuko na uvuvi) wa mwalo ulio karibu, na kwa ofisi ya bandari mkiwa ndani ya ghuba. Hii ya mwisho wengi huiruka. Bandari ya Tanga si ile ya zamani ambayo meli zilitia nanga mbali na mizigo ikaja kwa matishari. Mlango umechimbwa, gati limefikia kina cha mita 13, na meli kubwa zinafunga gatini. Meli ikiwa inaingia haiwezi kukukwepa hata nahodha akikuona.

Kwa sababu hiyohiyo toa amri mapema kuhusu Kisiwa cha Toten, kile chenye magofu ndani ya ghuba. Kila mwaka kuna kijana anayekitazama kutoka ufukweni na kusema "pale tu." Majini kila kitu huonekana karibu, na kati ya pale tu na hapa ndimo vyombo vinamopita. Jibu ni hapana. Akitaka kuona magofu akodi chombo.

Halafu keti na wavuvi. Usiende kuwapa taarifa, nenda kuuliza. Nyavu zinatandazwa wapi mwezi huu? Madema, ile mitego ya samaki, yamewekwa upande gani? Boti za mashine zinarudi saa ngapi? Mwamba uliojificha uko wapi? Mimi huenda na karatasi na kalamu na kumwomba mzee achore. Mchoro wetu wa Raskazone, wenye alama ya mwamba unaoitwa na wavuvi kwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa kwa heshima, umetufaa kuliko ramani yoyote ya simu.

Hapohapo kubaliana na mwenye chombo cha kuwasindikiza. Nashauri ngalawa ya kupiga kasia. Boti ya faiba yenye mashine ni ya haraka, lakini rafadha inayozunguka katikati ya vichwa vya watu ni hatari kubwa kuliko papa wote wa hadithi. Ikibidi mashine, nahodha aizime kila anapofika mita 20 kutoka kwa mwogeleaji. Mpatane bei kabla, mseme kabisa kama chai imo au haimo, na siku mkiahirisha asubuhi mpe chochote. Ameacha kwenda kuvua kwa ajili yenu. Ndani ya ngalawa kuwe na mtu wenu mmoja mwenye filimbi na darubini, jaketi okozi mbili za ziada, kamba ya mita 20, maji ya kunywa na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Hatua ya tatu: mjue kila mtu anaweza nini

Mtu akikwambia "mimi nimekulia pwani," mkaribishe, kisha mpime kama wengine. Kukulia pwani na kuogelea mita 400 ni mambo mawili tofauti, na wanaozama pwani wengi ni wa pwani.

Kipimo chetu kinafanywa maji yakiwa ya kifua, siku ya maji mafu. Aogelee mita 400 bila kusimama wala kushika kitu, mtindo wowote, hata wa chura. Aelee chali dakika kumi akiongea nawe. Hili la chali ndilo ninalolitazama zaidi. Mwenye mbio anayeogopa kulala chali baharini simwamini, kwa kuwa siku atakayokaukiwa na nguvu hatakuwa na kitanda. Mwisho mwambie apige mikono kumi macho yakiwa majini, ainue uso kidogo kama mamba, na akutajie alichokiona mbele: mbuyu, paa jekundu, mnara. Asiyejua kutazama mbele huogelea duara.

Aliyefaulu yote anaingia kundi la masafa. Aliyefaulu chali peke yake anaingia kundi la ufuko, sambamba na mchanga, mahali anapoweza kusimama. Asiyefaulu chali anarudi darasani, hata kama ni mwenyekiti wa klabu. Ilitokea. Alinuna wiki mbili, akarudi, na sasa ndiye anayewafundisha wengine kuelea.

Watoto waje na barua ya mzazi na mtu mzima mmoja majini kwa kila watoto wanne. Majini, sio mchangani na simu.

Hatua ya nne: vifaa, na mavazi hasa

Kofia za rangi kali: chungwa, njano, waridi. Nyeupe hupotea kwenye povu na nyeusi hupotea kila mahali. Kila kundi liwe na rangi yake. Miwani ikiingia ukungu, tema mate ndani, sugua, suuza kwa maji ya bahari. Mafuta ya mgando yapakwe kwapani na shingoni, maana chumvi na msuguano kwa saa nzima huchuna ngozi, na maumivu yake mtu huyagundua akiwa bafuni.

Boya la kuvuta kiunoni ni zuri kwa kila mtu wa masafa. Kama hamna bajeti, kidumu cha lita tano chenye mfuniko usiovuja, kilichofungwa kwa kamba ya mita moja kwenye mkanda laini, hubeba mtu aliyechoka akakishika na kupumzika. Kipakeni rangi ya chungwa. Tulipotumia vidumu vyeupe, mvuvi mmoja alikuja kukivuta kimoja akidhani ni alama ya wavu wake, na mwisho wa kamba akamkuta mwalimu wa hisabati. Kidumu si jaketi okozi. Kinamsaidia aliye na akili zake tu.

Sasa mavazi ya akina mama na dada, ambayo klabu nyingi huyakwepa kwa haya kisha hulia. Hapa kwetu wengi huingia majini na dera, kanga au baibui. Kwa kujirusharusha kwenye maji ya magoti hakuna neno. Kwa kuogelea, dera lililolowa huzunguka miguu kama wavu na kumvuta mtu chini, na kanga hupanda ikafunika uso. Stara haikatazi usalama: vazi la mikono mirefu na suruali la kitambaa chepesi kinachobana na kisichonywa maji, pamoja na kofia inayoshuka hadi shingoni, linatosha. Mafundi wa mjini hushona ukiwapelekea kitambaa cha jezi za michezo. Wawekeeni kundi lao, mwalimu mwanamke, na mahali pa kubadilishia penye pazia. Mwaka tulioweka pazia, idadi ya wanawake iliongezeka kuliko miaka yote ya matangazo.

Hatua ya tano: Jumamosi yenyewe

Ijumaa jioni soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukiona lile angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, futa. Usisubiri lipande ngazi liwe tahadhari. Tuma ujumbe usiku huohuo, kwa sababu kuahirisha watu wakiwa tayari ufukweni na taulo mabegani kunahitaji moyo ambao asubuhi huenda usiwe nao. Kama mvua kubwa imenyesha, ahirisha pia, siku mbili au tatu. Mto Sigi, huohuo unaotupa maji ya bomba kupitia bwawa la Mabayani, hushusha matope na magogo, na mitaro ya mji humwaga yake. Maji ya kahawia hayakuonyeshi konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, wala chupa iliyovunjika, na tumbo litakukumbusha Jumatatu.

Asubuhi, kabla ya yote, orodha. Jina, kundi, rangi ya kofia, simu ya mtu wa nyumbani. Muulize kila mmoja amelalaje na kama ana pumu, kifafa, moyo au mimba. Muulize pembeni, sio mbele ya watu. Kisha maelezo mafupi: tunaanzia hapa, tunazungukia boya lile, tunatokea hapa. Filimbi moja maana yake tazama chombo. Filimbi tatu maana yake wote tokeni. Mkono mmoja juu, nataka msaada.

Kila mtu awe na mwenzake wa mwendo unaolingana, na wawili hao waingie pamoja na watoke pamoja. Wawili wenye urafiki lakini mwendo tofauti msiwaunganishe; mmoja atachoka au mwingine atachoka kumsubiri.

Njia iwe sambamba na ufuko, kamwe isielekee bahari kuu. Anzeni kwa kuukabili mkondo, mrudi nao. Ukitaka kujua mkondo unakoelekea, tupa kifuu cha nazi majini ukitazame dakika mbili. Wiki za kwanza zungukeni mita 200 kati ya maboya mawili. Mkifika katikati ya Januari, kundi la masafa linaweza kwenda mita 1,000. Mwisho wa Februari na mwanzoni mwa Machi, upepo unapolegea na tangambili, kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, kuingia, bahari hulala kama sinia, na hapo ndipo tunapofanya safari yetu ya kilomita mbili. Msiipange Januari kwa sababu ya likizo za watu. Ipangeni wakati wa bahari.

Kisha kuhesabu. Hesabu mnapoingia, hesabu kwenye boya, hesabu mnapotoka, na anayehesabu asiogelee siku hiyo. Mwaka mmoja tulitoka kumi na saba badala ya kumi na wanane. Tulipiga filimbi, ngalawa ikazunguka, wawili wakapiga mbizi, mama mmoja akaanza kulia. Dakika arobaini. Yule wa kumi na nane tulimkuta barabarani anakula katlesi na chai. Alitoka kimya kimya kwa sababu miwani ilimuumiza, hakutaka kutusumbua. Tangu siku hiyo kila mtu anatundika kibao chenye namba yake ubaoni anapoingia na kukitoa mwenyewe anapotoka. Aliyetoka bila kukitoa ndiye anayenunua chai ya wote Jumamosi inayofuata.

Nacheka sasa, lakini kuna waliohesabu wakachelewa. Oktoba 2010 Fran Crippen, mwogeleaji wa timu ya taifa ya Marekani mwenye miaka 26, alifariki katika mbio za kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, siku ambayo maji yalikuwa ya moto mno. Alikuwa miongoni mwa wanaojua zaidi duniani. Hakuna aliyemwona akizama; wenzake ndio waliotambua kwamba hajafika, na alipatikana baada ya saa mbili hivi. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa, ambalo leo linaitwa World Aquatics, liliweka kikomo: maji yakizidi nyuzi joto 31 hakuna mbio.

Sisi wa pwani tunaposikia hatari ya maji tunawaza baridi, ambayo hatuna. Yetu ni joto. Februari na Machi bahari yetu hukaribia nyuzi 30, na maji mafupi yaliyokaa juu ya mchanga uliopigwa na jua hupita hapo. Ndani ya maji hujijui kwamba unatoka jasho. Nunueni kipimajoto, pimeni maji mita moja chini, na yakifika 30 punguzeni masafa nusu. Maji ya kunywa kabla, kwenye ngalawa katikati, na dafu baadaye. Anayeanza kwenda upande, anayejibu ovyo, au aliyekuwa wa mbele na sasa yuko nyuma bila sababu, atolewe hata akibisha. Hasa akibisha.

Yakitokea ya kutokea

Miiba ya wale viumbe weusi wa mwambani: vaeni viatu vya mpira mnapoingia na kutoka. Aliyechomwa, mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, toa kwa kibano mwiba unaoshikika, usikate nyama kuusaka uliozama. Huo ni wa zahanati. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujificha chini ya mchanga, kwa hiyo buruza miguu, usikanyage. Akikuchoma, maji ya moto tena, yasiyounguza, nusu saa hadi saa moja na nusu, na hospitali ni lazima. Konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu: suuza kwa maji ya bahari, sio ya bomba, toa nyuzi zake kwa kadi au kibano, usisugue kwa mchanga, na ile dawa ya mkojo iacheni kwenye vichekesho.

Kuzama ndiko kunakotaka maneno zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, maana mdomo uko majini na mikono inasukuma maji chini. Utaona kichwa kimelala nyuma, mwili wima, macho hayatazami kitu. Mwite jina. Asipojibu, twende. Lakini usimwendee mikono mitupu. Mpe kidumu, kasia, kamba, chochote kilicho kati yako na yeye.

Akishatolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkandamize tumbo kutoa maji, kama nilivyoona ikifanywa mara nyingi mno kwenye fukwe zetu. Mlazeni chali pagumu, pumzi tano za mdomo kwa mdomo kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua na pumzi mbili, mkipokezana bila kukatisha. Mtu mwingine apige 112 au 114, na wa tatu awe ameshatafuta gari. Kutoka Raskazone hadi Hospitali ya Bombo si mbali, na dereva ateuliwe asubuhi kabla hamjaingia majini. Hayo hayajifunzwi kwa kusoma. Waiteni Msalaba Mwekundu Novemba, wawafundishe kwa mwanasesere mpaka magoti yaume. Na aliyezinduka akasema "niko sawa" apelekwe vilevile, kwa sababu mapafu yaliyonywa maji yanaweza kumgeuka baada ya saa kadhaa.

Kufunga msimu

Masika yakianza kunukia, mwishoni mwa Machi, fungeni. Msivutane na Jumamosi moja ya ziada. Lipeni nahodha deni lote, pelekeni kilo chache za sukari na majani ya chai kwa wale wazee wa chini ya mkungu, na andikeni kwenye daftari Jumamosi zipi zilikubali na zipi zilikataa, pamoja na mwezi ngapi ilikuwa. Maboya yatolewe majini yote, maana kusi likiingia litayapeleka Kenya. Kamba zisuuzwe kwa maji ya bomba, zikaushwe kivulini siku mbili, zikunjwe bila mafundo. Miwani iliyosahaulika iwekwe kwenye ndoo ya mlangoni; mwaka huu imebaki saba, na moja najua ni ya mwenyekiti.